Shuka Tatu kwa Mume, Tano kwa Mke

Naanza kwa jina la Yule aliyeumba maji kabla ya kiu, akaumba kiu ili kiumbe asisahau kuinama. Namwomba aushike ulimi wangu, usizidishe chumvi wala usipunguze haki, kwa kuwa kisa hiki kina watu walio hai, na walio hai husoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na aali zake, na kila aliyemfundisha mwenzake jambo jema, hata kama hakuishi kuona lilivyotumika.

Baada ya hayo, niwapange watu, msomaji asije akahangaika.

Wa mbele yao wote ni Silvana, mjukuu wa marehemu dada yangu Mwanahawa. Dada yangu, kama mimi, alizaliwa Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akaolewa Sumbawanga mjini. Binti yake akaolewa na Mfipa Mkatoliki wa Pito, jambo ambalo tulilizungumza sana, kisha tukaenda kula pilau lake. Silvana akabatizwa kwa baba yake, akalelewa mgongoni mwa bibi yake. Mwaka wa 1999, ambao ndio mwaka wa kisa hiki, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Wa pili ni Madamu. Jina lake la Kidenishi lilikuwa refu, na sisi tulikuwa na shughuli. Alikuja Rukwa enzi za Ujamaa kufundisha watu kupanda miti, akarejea kwao, kisha milango ya uwekezaji ilipofunguliwa akarudi akiwa na washirika, leseni na mvi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu wangu.

Chini ya Madamu alikuwapo Jastin, meneja, aliyewahi kuwa karani wa shirika moja la umma lililofia mikononi mwake bila kosa lake. Alikuwapo pia Flavian, mhudumu wa kiume, ambaye zamani alipasua mbao hadi kupasua mbao kulipopigwa marufuku. Na mwandishi mmoja Mbelgiji, ambaye vitabu vyake huwaelekeza wasafiri wa Ulaya mahali pa kulala na mahali pa kuepuka, pamoja na mkewe. Wa mwisho ni mimi, mwalimu wa madrasa na mtumishi wa msikiti wetu wa Sumbawanga, ambaye nilikuwa mgeni wa siku mbili.

Kambi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya msitu wa Mbizi, pale ambapo ardhi ya Ufipa hukatika ghafla na kuteremka hadi bonde la Rukwa. Ilikuwa na vibanda tisa vya tope na nyasi, na nyumba moja ndefu ya mawe waliyoiita Nyumba ya Maji. Humo ndimo Silvana alimokuwa akifanya kazi. Huduma yake, ambayo Madamu aliipa jina la Pumziko la Ufipa, ndiyo iliyowaleta wageni kutoka mbali hivyo. Na Alhamisi ya wiki ile Madamu alikuwa aweke saini barua ya kumfanya Silvana mkuu wa Nyumba ya Maji, kazi ya kudumu yenye chumba cha matofali. Asipoipata barua hiyo angerudi Kasesya, mpakani na Zambia, ambako kwa miaka miwili alivusha marobota ya mitumba kichwani kwa ajili ya matajiri wa malori. Shingo yake ilikuwa bado haijasamehe.

Kilichobaki kabla ya saini kilikuwa kimoja. Mwandishi alitaka kusikia kwa mzee wa huku kwamba huduma ile kweli ni ya asili. Madamu akaamuru kila mfanyakazi alete mzee wake mmoja akae siku mbili bila malipo, na mzee wa Silvana aliyebaki duniani nilikuwa mimi.

Jastin alinifuata Jumanne kwa Landrova. Ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa wa Juni hauna heshima kwa umri; nilivaa koti juu ya kanzu, na blanketi juu ya koti. Njiani Jastin alinieleza kwa fahari kwamba kambini hakuna umeme wa waya, hakuna sabuni ya kiwandani, hakuna plastiki, na kwamba haja kubwa hufunikwa kwa jivu, ikakaa mwaka mzima, ikawa mbolea ya mboga. Nilimwambia kwamba marehemu mama yangu aliishi hivyo hivyo Kirando, akafa bila kujua kwamba yuko mapumzikoni. Jastin alifikiri kidogo, akasema tofauti ni mandhari.

Mandhari kweli yalikuwapo. Kutoka barazani kwangu niliona bonde lote, na mashamba ya Kaoze yakiwa madogo kama vipande vya mkeka. Jioni vumbi la ng'ombe wa Wasukuma lilipanda, jekundu, na mke wa mwandishi akalipiga picha akisema ni ukungu. Hapakuwa na sababu ya kumsahihisha.

Silvana alikuja kunipokea akiwa na taulo mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda, na hapa wanalima mboga nyingi hivyo?"

Hakucheka. Alinibebea mkoba, akanionyesha kitanda, na kabla hajatoka akanisihi nile, nilale, nitazame bonde, lakini Nyumba ya Maji nisiingie. Alisema maji ya kule ni ya moto na mimi nina kifua. Sijawahi kuwa na kifua. Nilichukulia kwamba mjukuu ananipenda.

Kambi ilikuwa na kanuni kwamba baada ya chakula cha mchana kila mtu anyamaze kwa saa mbili. Nami kwa kuwa nilikatazwa kusema na sikukatazwa kuandika, nilitunga ubeti huu:

*Taa wamezikimbia,*
*Na bomba wakaachia,*
*Chooni jivu kutia,*
*Ndiyo starehe ya leo.*

Jumatano asubuhi Silvana aliteremka njia ya Kaoze kupokea mzigo wa majani unaopandishwa kutoka bondeni. Alipokwisha kutoweka, Jastin alibisha mlangoni kwangu akaniambia kwamba Madamu anaomba, kwa heshima zote, nipewe huduma, maana mwandishi atanihoji wakati wa chakula na si vyema nishuhudie nisichokionja. Nilikumbuka kifua changu nisichokuwa nacho, nikaona si udhuru wa kisheria. Nikaenda.

Flavian alinipokea kwa shikamoo na mikono mipana kama mbao alizozoea. Nikampa sharti langu, kwamba kutoka kitovuni hadi magotini nisifunuliwe. Akanijibu kuwa hilo ndilo sharti la kwanza la nyumba ile, na anayelivunja huachishwa kazi siku hiyo hiyo. Sharti la pili, akasema, mhudumu akiona jambo lolote mwilini mwa mgeni, kovu au kidonda au upungufu, halitamki nje hadi anakufa. Nilifurahi sana. Nilidhani adabu hiyo imetoka Denmark.

Alinilaza juu ya ubao wa mninga uliosuguliwa, uso ukielekea kaskazini. Akanibonyeza tumbo taratibu akisema ni kutoa hewa. Akavaa mfuko wa kitambaa mkono wa kushoto. Kisha akaanza kunimwagia maji ya vuguvugu yenye povu la majani, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, kutoka kichwani kwenda miguuni, bila haraka, mkono wake mmoja daima ukiwa chini ya shingo yangu. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Nilimuuliza kwa nini tatu.

"Tatu, Shehe, au tano, au saba. Nne hairuhusiwi. Silvana hataki kabisa."

Lazima niseme kweli, nilistarehe. Miaka arobaini ya kukaa mkekani imeniachia mgongo ambao hata dua haukubali, na chini ya mikono ya yule mpasua mbao mgongo ulinyamaza kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu. Nilikuwa karibu kusinzia alipofungua chupa ya maji ya mwisho, nikasikia harufu ya kafuri.

Nimeosha maiti wa kiume wa msikiti wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Harufu ile siichanganyi na nyingine. Nikafumbua macho, nikayapitia moja baada ya jingine yale niliyokwisha kufanyiwa: sitara ya kitovu hadi magoti, tumbo kubonyezwa, mfuko wa kitambaa, kulia kabla ya kushoto, witiri ya mara tatu, povu la mkunazi, siri ya mwoshaji, na sasa kafuri katika maji ya mwisho. Hapakukosekana kitu. Ndipo nilipofahamu pia kwa nini mwaka ule kafuri iliadimika madukani Sumbawanga mara tatu, nami mara zote tatu niliwaombea rehema Waislamu wa vijiji nisivyovijua.

Dada yangu Mwanahawa ndiye aliyekuwa mwoshaji wa wanawake wetu. Na mtoto aliyembebea ndoo, akisimama nyuma ya pazia na kupokea kila alichoambiwa apokee, alikuwa Silvana.

"Flavian," nikasema, "baada ya hapa kuna shuka?"

"Zipo, Shehe. Nyeupe tatu. Wanawake tano."

"Kwa nini wao tano?"

"Hata yule mwandishi aliuliza hivyo jana. Alisema yeye na mkewe wamelipa sawa."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akasema haya, lakini akaandika. Mkewe naye tulimsuka nywele mikia mitatu, akapenda."

Kisha akanifukizia udi, akanifunga shuka tatu kwa ustadi ambao baadhi ya wanafunzi wangu wa miaka kumi hawajaufikia, akaniomba nitulie bila kutikisika kwa dakika ishirini, akatoka na kufunga mlango. Nikabaki peke yangu nimeoshwa, nimekafiniwa, nimeelekezwa kibla. Kilichobaki kilikuwa sala na udongo. Nikatoa shahada, kwa tahadhari.

Wakati wa chakula tuliketi meza moja ndefu. Silvana alikwisha kurudi. Alisimama mlangoni na taulo zake, na uso wake ulinieleza kwamba Flavian amemweleza. Madamu alinikaribisha, akatafsiri swali la mwandishi, kama huduma ile kweli ni ya wazee wangu.

Nilimtazama Silvana. Niliiona shingo yake.

"Wazee wangu wote walifanyiwa," nikajibu, "wa kiume kwa wa kike. Hakuna aliyekosa."

Mwandishi akaandika. Akauliza walijisikiaje baadaye.

"Sijasikia hata mmoja aliyelalamika."

Meza yote ilifurahi. Jastin alinimiminia juisi ya matunda ya msituni bila kuombwa. Madamu alimgeukia Silvana na kumwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba barua iko tayari, kesho asubuhi ataitia saini.

Nilikwenda kusali adhuhuri. Rakaa nne zilitimia, lakini tasbihi haikutimia. Kila nilipofika thelathini na ngapi ulimi ulirudi mezani. Katika elimu tuliyosomeshwa, neno la kweli linalosemwa ili msikilizaji aamini uongo lina jina lake na lina mahali pake, napo ni pale damu ya mtu au heshima yake inapotaka kumwagika. Sikukumbuka kitabu chochote kinachoongeza barua ya ajira. Tena niliowatumia kumpumbaza Mbelgiji walikuwa wazazi wangu waliolala Kirando. Nilimtuma mtu amwite Silvana.

Alikuja akaketi sakafuni, akanishika miguu. Nikamwambia aiache, imekwisha kushikwa ya kutosha leo. Nikamtaka anieleze ilivyoanza.

Akaeleza kwamba miaka miwili nyuma, wakati huo akiwa anaosha vyombo, Madamu aliwakusanya wafanyakazi akawauliza ni nani anayejua jinsi wazee wa huku wanavyouhudumia mwili uliochoka. Wenzake walitazamana. Mmoja alisema pombe. Naye Silvana akanyoosha mkono.

"Madamu alitaka maji, majani, mafuta, vitambaa na ukimya, Babu. Mimi nimeona mahali pamoja tu penye vitu vyote hivyo."

"Na ulijua ni mahali gani."

"Nilijua. Nikasema nitafanya mara moja, kisha nitatafuta kingine. Lakini yule wa kwanza alitoka analia. Mzee mzima, jaji wa huko kwao, akasema hajapata kushikwa na mtu kwa heshima namna ile. Kwetu nani aliye hai anashikwa hivyo? Aliye hai anaambiwa maji yako bafuni, kaoge. Kasesya nimebeba miaka miwili, hakuna aliyenimwagia hata kopo moja."

Nikamwambia nimesema uongo mezani kwa ajili yake.

"Hukusema uongo, Babu. Nilisikia kila neno."

"Ndiyo. Nilisema kweli ili waamini uongo. Hiyo ni kazi ya mwerevu, na mimi sikuja hapa kwa werevu."

Nikampa hadi alasiri. Kama hangekwenda kwa Madamu mwenyewe, ningekwenda mimi. Aliuliza, kwa sauti ndogo, itakuwaje akirudishwa Kasesya. Nilimwambia nitakuja Kasesya kumsalimia. Najua halikuwa jibu la babu. Lilikuwa ndilo nililokuwa nalo.

Alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akatangulia. Nikamfuata kwa mkongojo hadi ofisini.

Madamu alikuwa na Jastin. Silvana alisimama mbele ya meza akasema yote kwa maneno machache, bila kulia na bila kumtaja mtu mwingine. Alipokwisha, Madamu alivua miwani.

"Sanda?"

"Ndiyo, Madamu."

"Na mimi? Mimi ambaye kila Ijumaa..."

"Ndiyo, Madamu."

"Ijumaa ni siku bora," nikasema.

Madamu alimuuliza Jastin ni wageni wangapi wamepata huduma. Jastin akafungua daftari la wageni, akapitisha kidole, akasema mia moja na kumi na wawili. Madamu akauliza kama kuna aliyekufa. Jastin, ambaye ndiye aliyepokea barua zote, akasema ni mmoja tu, huko Uswisi, mzee wa miaka themanini na mitatu aliyeanguka na baiskeli.

"Huyo alikwenda akiwa tayari," nikasema.

Ndipo Madamu alipomgeukia Silvana, na sauti yake haikupanda. Alisema maji hayamkasirishi, wala kafuri, wala mauti, maana umri wake umekwisha kuzoeana nayo. Kinachomkasirisha ni miaka miwili ya Silvana kumwachia yeye awaambie watu jambo ambalo si kweli, akiwatazama machoni. Akamwambia akafunge vitu vyake. Gari la kesho asubuhi litamshusha mjini.

Alikuwa na haki. Sikuona mahali pa kuingiza hata sindano. Silvana alisema asante, jambo lililoniuma kuliko kilio, akageuka kwenda mlangoni.

Nikasema, "Madamu, basi gari hilo litubebe wote wawili. Huyu alinyamaza. Aliyesema mezani ni mimi, tena nina ndevu. Nitakwenda kwa yule mwandishi sasa hivi, nimwambie kwa ulimi wangu. Lakini kabla ya hapo, nina swali kwa mjukuu wangu." Nikamwita. "Umesema kwetu aliye hai haogeshwi na mtu. Wewe kweli huwakumbuki wanaoogeshwa?"

Silvana alisimama, mkono kwenye komeo la mlango. Alifikiri kama mtoto aliyeulizwa sura asiyoidurusu.

"Mtoto mchanga," akasema.

"Na nani?"

"Na mama yake." Kisha akageuka mzima. "Mzazi, Babu. Mzazi hukandwa."

Msomaji wa mbali asipotee: mwanamke akijifungua, huku kwetu hulazwa, jamaa zake wakamkanda kwa kitambaa na maji ya moto, tumbo na mgongo na nyonga, asubuhi na jioni, wakampaka mafuta, wakamfunga tumbo kwa kanga, wakamnywesha uji wenye samli na pilipili manga, na hagusi kazi hadi mwili umrudie. Dada yangu aliyewaosha wafu ndiye pia aliyewakanda wazazi. Silvana alimbebea ndoo huko pia. Lakini kazi ya mauti ina ukimya na kazi ya uzazi ina kelele, na mtoto hukumbuka zaidi palipokuwa kimya.

Nilikuwa najiandaa kumweleza Madamu hayo yote nilipoona hakuna haja. Alikuwa akitazama dirishani.

"Nilikandwa," akasema. "Pito, mwaka wa sabini na tisa, nilipomzaa binti yangu. Walikuja wanawake wanne. Sikuwaita."

"Hawaitwi," nikasema.

"Maji yalikuwa ya moto mno."

"Ulilia?"

"Nilipiga mayowe. Mmoja alinikalia miguu." Akavaa miwani yake tena, akaipangusa ikiwa usoni. "Siku ya nane niliwangoja dirishani."

Jastin, ambaye ni mtu wa utaratibu, aliuliza kama wageni wa kiume nao watafungwa tumbo. Silvana akajibu kabla ya mtu mwingine kwamba anayechoka kwa miaka sitini amebeba kuliko aliyebeba miezi tisa, na kwamba atafungwa. Hapo nilimsikia dada yangu.

Madamu aliweka masharti yake. Mwandishi ataambiwa ukweli siku hiyo hiyo, na wageni waliopita wataandikiwa, wote mia moja na kumi na mmoja. Shuka na kafuri vitatoka kambini. Barua haitasainiwa kesho. Silvana atabaki, atafundishwa kazi ya kukanda na mtu anayeijua na asiyemwonea haya, kwa miezi sita, kisha Madamu ataamua. Na kama kuna jambo jingine analolificha, aseme. Silvana akasema kwamba mkate wa asili unaosifiwa na wageni nao hununuliwa mjini. Jastin akatazama daftari lake kwa makini.

Nilikwenda kwa mwandishi, Silvana kando yangu na Madamu akitafsiri. Nilimwambia kwamba yale ya mezani nilimdanganya kwa maneno ya kweli, nikamwomba radhi, na Silvana akamwambia yaliyosalia. Mbelgiji alisikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa hewani. Kisha akauliza, kwa uzito wote, kama katika sheria zetu mtu akishaoshwa ni lazima azikwe.

"Ni lazima," nikamwambia. "Lakini si lazima leo."

Alifunga daftari. Mkewe, aliyekuwa bado na mikia yake mitatu, aliuliza kama anaweza kuzichukua zile shuka zake tano. Nilimwambia azitunze, ni akiba. Kitabu cha mwandishi kilipotoka, kambi ilipewa mistari minne, na kuhusu Nyumba ya Maji yaliandikwa maneno machache tu: kwamba inatengenezwa, na kwamba wahudumu wake ni wakweli kupita kiasi.

Mwalimu wa miezi sita alikuwa mke wangu, Bi Salima, aliyekwenda na kopo la samli, nusu gunia la pilipili manga na maoni yake mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia Flavian mikono yake ni mizuri ila moyo wake unaogopa mayowe. Siku ya tatu Flavian hakuogopa tena. Wageni, waume kwa wake, walikandwa, wakafungwa matumbo, wakanyweshwa uji. Yule jaji aliyelia hapo kwanza alipata barua ya Madamu, akarudi kutoka kwao kuja kuona tofauti, na Bi Salima akamwamuru asitoke kwenye upepo kwa siku arobaini, kama mzazi mwingine yeyote. Alikuwa amelipia siku tano. Alikaa arobaini, akasema hajapata amri iliyo wazi kiasi hicho tangu aache kazi.

Kafuri na majora mawili ya bafta nyeupe ya zile shuka aliyaleta Jastin msikitini kwa Landrova, na vimewasitiri wengi tangu hapo, kwa kazi vilivyotengenezewa. Mwezi wa Disemba Madamu alisaini barua. Aliisaini siku ya Ijumaa.

Sasa miaka imekwenda. Bi Salima ametangulia, na bafta ile ile ikamtosha. Madamu amerudi kwao na binti yake wa Pito ndiye anayeishika kambi. Silvana bado ni mkuu wa Nyumba ya Maji. Amewafundisha wasichana wa Kaoze na wa Pito, na kila mmoja, kabla hajagusa maji, huapishwa asimwambie mgeni jambo ambalo si kweli na asitamke nje alichokiona mwilini mwake.

Ewe Mola, uliye karibu na mwili uliochoka kuliko mshipa wa shingo yake, wabariki waliobaki. Mbariki Silvana na shingo yake, na mikono ya Flavian isiingiwe na baridi. Uwabariki wale waliokuja kwetu kutoka mbali wakaoshwa kabla ya siku zao, wafikishe siku hizo taratibu na kwa afya. Walio hai wa nchi hii uwape mtu wa kuwamwagia kopo moja la maji ya vuguvugu wangali wanalisikia. Na yeyote atakayekunja mikono ya kanzu yake siku ya zamu yangu, mpe subira, na maji yasiwe ya moto sana. Amina.